Malkia Kahamia kwa Baba Mkwe

Kisa alipoolewa na Aliko na kuhamia Ipyana, alipokewa na vitu vitatu: godoro jipya, jembe jipya na onyo. Onyo alilitoa Tusekile, shangazi yake Aliko, mwanamke asiye na dogo, aliyejipa kazi ya kulinda mila za ukoo mzima bila kuombwa na mtu. Alimweleza bibi harusi kwamba kwa Wanyakyusa baba mkwe hatazamwi usoni. Hukai naye chumba kimoja, hupishani naye njiani, na jina lake hulitamki hata ukiwa na homa. Miaka hiyo wasichana wengi wa Kyela mjini walikuwa wameshaiona mila hiyo kuwa ya kizamani, wakiwapa wakwe zao mkono mlangoni mwa kanisa na maisha yakaendelea. Lakini ukoo wa Aliko haukuwa wa kucheza nao.

Basi Kisa akaibeba, na kwa kweli akaizoea. Mzee akikohoa tu kule migombani, yeye ameshachuchumaa nyuma ya ghala la mpunga, kanga usoni, mpaka hatua zipotee. Miaka tisa ikapita hivyo. Alimfahamu baba mkwe wake kwa kikohozi, kwa mlio wa baiskeli yake isiyotiwa mafuta, na kwa kisigino cha mguu wa kushoto, ambacho alikiona siku moja kwa bahati mbaya, akamtuma mume wake akaombe radhi.

Taabu yake ilikuwa jina. Mzee aliitwa Angetile, na Angetile kwa Kinyakyusa ni "ameniangalia", yaani Mungu ndiye aliyemwangalia mama katika kujifungua. Kwa hiyo hata neno lenyewe la kuangalia, keta, lilikuwa mwiko mdomoni mwa mkamwana. Hebu fikiria kuishi na watoto na kuku bila kusema "angalia" kwa lugha yako. Kisa akimwona nyoka karibu na mguu wa mtu, ilimbidi kwanza akumbuke Kiswahili, ndipo apige kelele "tazama". Watu wa Ipyana walimcheka kwamba anaona nyoka kwa lugha ya serikali. Naye alicheka nao, ila kulikuwa na kitu kilichomuuma, na tukiseme wazi: huyo aliyeitwa Ameniangalia hakuwa amemwangalia yeye hata siku moja. Akitaka chumvi alisema "waambieni wa jikoni". Akituma salamu alizielekeza kwa "mama Jubilate", jina la mjukuu wake. Baada ya miaka tisa, Kisa hakuwa na hakika kama mzee alikuwa anajua kwamba anaitwa Kisa.

Mchana wake aliumalizia mjini, kwenye kibaraza cha duka la Salma, alipokuwa akiuza wali na samaki wa mbasa. Salma alikuwa Mwislamu wa asili ya Kilwa. Baba yake alifika Kyela zamani na majora ya vitambaa, akauza, akanogewa, akabaki. Soko huria lilipofunguliwa na kila mwenye nauli akawa mfanyabiashara, Yasini, mume wa Salma, alileta kutoka Dar es Salaam televisheni na mashine ya gemu, ile ya kijivu inayokula kaseti. Waliiweka chumba cha nyuma kwa ajili ya vijana. Vijana walikuja, walipigana ngumi za kwenye kioo, wakalipa, wakaenda shule. Ndipo saa nane mchana, wateja wa wali wakishapungua, Salma alipokuwa akifunga mlango kwa ndani na kusema anahesabu sabuni.

Hakuwa akihesabu sabuni. Yeye na Kisa walikuwa wameketi mkekani, kila mmoja na mkono wake wa kuchezea, wakicheza Malkia.

Gemu hilo lilikuwa na jina refu la Kiingereza, ila kwa Kyela lilikuwa Malkia tu. Lilimhusu malkia aliyeibiwa mvua ya nchi yake, naye anaifuata nchi hadi nchi, pamoja na mpiga kasia mmoja asiyesema. Mchezaji wa kwanza ni malkia na wa pili ni mpiga kasia, na mmoja hawezi kufika popote bila mwenzake. Kisa alikuwa malkia. Haikujadiliwa, alishika mkono wa kwanza siku ya kwanza na hajauachia mpaka leo. Sehemu ya kwanza iliwachukua mwaka mzima. Ya pili miezi minane, maana walishapata ujanja. Ya tatu waliimaliza karibu na Pasaka ya mwaka tisini na sita, na ikawaacha pabaya: malkia yuko kisiwani peke yake, mvua anayo kwenye kibuyu, lakini kasia limevunjika na nyumbani ni ng'ambo ya maji. Kioo kikawa cheusi. Salma, aliyesoma Kiingereza mpaka kidato cha nne, akatafsiri maneno madogo ya chini kwamba safari haijaisha.

Walisubiri miaka miwili. Usicheke. Kuna watu wanasubiri mpira miaka minne. Kisa alikuwa akichagua mchele, mawazo yake yako kwa yule mwanamke kisiwani, na mara nyingine alimwambia Salma kwamba akifa kabla ya kumfikisha malkia nyumbani, wasimzike na kanga mpya, atakuwa hajastahili.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zilipokwisha na barabara ikapitika, Yasini alirudi kutoka Dar na kifurushi chembamba. Sehemu ya nne. Kisa aliacha sufuria jikoni. Salma akafungua, na ndani ya kasha hamkuwa na kaseti. Mlikuwa na sahani nyembamba inayong'aa kama ganda la samaki. Waliizungusha mbele ya mashine ya kijivu kwa kila upande, juu, chini, ubavuni. Hapakuwa na mdomo wa kuipokea. Yasini akaapa kwamba muuzaji alimhakikishia ni Malkia mwenyewe, na kweli, juu ya kasha malkia alikuwepo, kibuyu mkononi.

Salma akasoma maandishi ya nyuma mara mbili, kisha akatoa hukumu. Wajapani waliomtunga malkia walikuwa wamehama. Walikuwa wameachana na kampuni ya mashine ya kaseti na kufunga mkataba na mahasimu wake, wenye mashine ya sahani, na kuanzia sasa malkia ataonekana kwao peke yao. Kwenye mashine ya kijivu hatakanyaga tena.

Habari ikafika kibarazani, na kibaraza cha Salma hakikuwa mahali pa kuacha habari ipite bila kuchambuliwa. Kwanza ilieleweka kwamba malkia ameolewa. Mzee mmoja mnunuzi wa mchele alitaka kujua wametoa ng'ombe wangapi. Mwingine akasema kama kampuni ya kwanza ilimlea tangu utoto, sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi hao wa sahani wana deni la malezi. Mama muuza ndizi akasema msimlaumu binti, huenda kule kwa kwanza alikuwa hapewi nafasi. Kaseti ni ndogo, mwanamke mzima na nchi zake atakaaje ndani ya kaseti? Hoja hiyo iliwashinda wote. Sahani ikatundikwa kwenye msumari ukutani, na kwa wiki tatu wanaume wa Kyela walijitazamia humo wakichana ndevu.

Kisa hakuchekeshwa. Alimwonea malkia huruma na alijionea huruma mwenyewe. Mashine ya sahani, kwa maelezo ya Yasini, ilikuwa Dar, labda na Mbeya kwa mganga mmoja wa meno, na bei yake ingetosha kumsomesha mtu.

Na hapo ndipo Aliko, mume mpole asiye na habari za mashine, alipofungua kinywa. Walikuwa wanakula. Kisa alikuwa anamlalamikia mambo ya sahani, na Aliko, katikati ya tonge, akasema mbona sahani kama hizo baba anapigia nyimbo za kwaya. Kisa akaacha kula. Aliko akaeleza taratibu, kama kawaida yake, kwamba ile zawadi aliyopewa baba na kampuni ya wanunuzi wa kakao, kwa kuwa na kakao iliyokaushwa vizuri kuliko wote, ilikuwa televisheni pamoja na redio ya sahani. Redio nzuri, ya kijivujivu, ina kifuniko juu. Walimpa na sahani moja ya kwaya. Tena baba alinunua jenereta ndogo, na kila Jumapili anawapigia watu nyimbo. Tatizo ni moja tu, kwamba redio ilikuja na vitu viwili vyeusi vyenye pembe mbili mbili na waya, na baba hajui vya nini. Amevitundika ukutani pembeni ya picha ya harusi yake.

Kisa aliinuka, akatoka nje, akasimama katikati ya kakao. Katika nchi nzima, kuanzia Kyela mpaka huko Mbeya kwa mganga wa meno, malkia alikuwa amechagua kuhamia kwenye chumba kimoja ambacho yeye hakuruhusiwa kutia mguu.

Aliko akatumwa kuomba mashine kwa siku moja. Akarudi na jibu fupi, akiwa anaangalia viatu vyake. Mzee alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama ni kweli redio yake ina mchezo ndani, kisha akasema redio haitoki nyumbani mwake, ilishapewa kazi ya Mungu. Anayeitaka aifuate.

Siku tatu wali wa Kisa haukuiva sawasawa, na wateja walimwambia. Salma akajitolea aende Ipyana yeye, acheze na Aliko, kisha amletee habari yote neno kwa neno. Kisa akakataa.

"Salma, malkia ni mimi," akasema. "Nitasimuliwaje nilivyofika nyumbani?"

Salma akaona aibu, akamtengea chai.

Aliyeokoa jahazi ni mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Tusekile alikuja mjini kununua chumvi, akakuta kibaraza kizima kinajadili mambo ya ukoo wake, akakasirika kwamba hakuitwa. Akaketi. Akataka aelezwe mchezo wenyewe unavyochezwa: watu wawili, kioo kimoja, waya mbili. Akafikiri, akinywa chai ya Salma kwa sauti. Kisha akatamka kwamba mila imekataza macho, njia, chumba na jina. Waya haikutajwa. Kuhusu chumba, chumba kikikatwa na pazia ni vyumba viwili, na anayebisha aje na shahidi. Ila mkono mmoja wa mashine ubaki upande wa mwenye nyumba, kwa sababu mgeni hamnyang'anyi mwenyeji mikono yote miwili. Yeye mwenyewe angelilinda hilo pazia.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, kanga mbili za Tusekile zilizoshonwa pamoja zilining'inia katikati ya sebule ya Mzee Angetile, kutoka darini mpaka sakafuni. Televisheni ilisimama mbele kabisa, pazia likaishia hatua moja kabla ya kuifikia, ili pande zote mbili zione kioo. Kisa aliingizwa kwa mlango wa nyuma, kanga usoni, Salma amemshika mkono kama kipofu. Upande wa pili kulikuwa na kiti kinacholia, kikohozi anachokifahamu, na Aliko akiwa ameshika ule mkono wa pili kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu. Tusekile aliketi mwisho wa pazia na fimbo. Nje, jenereta ilikuwa inanguruma.

Salma alikuwa amesoma kijitabu chote. Akawatangazia mambo mawili. La kwanza, mashine hii ilihitaji kadi fulani ya kutunzia kumbukumbu, na kadi haipo, kwa hiyo ikizimika hata mara moja wataanza upya. La pili, ukifika mwisho, mashine humwomba kila mchezaji aandike jina la mwenzake, si lake. Watu wakasema sawa. Sahani ikaingia.

Malkia akatokea. Alikuwa amekuwa mtu kamili. Nguo zilipeperuka, maji yalikuwa maji, na alipogeuka, uso wake ulikuwa na kitu kama uchovu wa miaka miwili. Kwa kweli kwenye kaseti alikuwa anabanwa, mama muuza ndizi hakukosea. Kisa akamsogeza hatua moja mchangani, akafuta machozi kwa kona ya kanga, na kazi ikaanza.

Ilianza vibaya. Malkia alijua kazi yake, lakini mpiga kasia alikuwa Aliko, na Aliko alimzamisha. Akamzamisha tena. Alikuwa akipambana na mkondo uso kwa uso, anapiga kasia kwa nguvu zake zote kuelekea anakotaka kwenda, na maji yanamrudisha kwenye miamba. Mara ya saba Salma akaanza kuguna. Mara ya tisa Kisa, ambaye hajawahi kumtolea mume wake neno baya mbele ya watu, alimuuliza kama anamchukia malkia au anamchukia yeye.

Kisha, mara ya kumi, mtumbwi ukafanya jambo la ajabu. Haukupambana. Ulielekea juu kidogo, ubavu kwa mkondo, ukayaacha maji yaubebe, ukapiga kasia moja, mbili, ukateleza katikati ya miamba kimya kimya mpaka kwenye ufuko wa pili.

Kisa akajua papo hapo kwamba huyo si Aliko.

Wazee wa Ipyana wote wanaijua habari hiyo, na Kisa alikuwa ameisikia mara nyingi: kwamba ujanani, Mto Kiwira ukifurika na kumeza mashamba, kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akiwavusha watu kwa mtumbwi, wajawazito, magunia, hata padri mmoja mnene, na hakumwangusha mtu. Sasa kijana huyo alikuwa na miaka sabini na alikuwa amempora mwanawe mkono wa gemu bila kusema neno. Aliko, upande wa pili, alisikika akipumua kwa raha na kutoka nje kuangalia jenereta.

Malkia akisimama, mtumbwi ulimfuata. Mtumbwi ukiyumba, malkia alitupa kamba. Kwenye hatua ya tano alijua mzee ni mtu wa subira, na kwenye ya saba akajua anapenda mzaha, kwa sababu walipopita bata waliokuwa wamelala majini, mtumbwi ulizunguka makusudi ukawatimua. Kisa alicheka kwa sauti. Upande wa pili kiti kikalia, na kikohozi kilichotoka hakikuwa kikohozi hasa.

Mchana wakaletewa ndizi za kupika kwa maharage. Wakala kwa zamu, mmoja anakula na mwingine anailinda safari. Aliko alikuwa akimimina petroli jenereta ikiwa inaunguruma, jambo ambalo Tusekile alilikemea na hakuna aliyemsikiliza. Saa tisa na nusu Aliko akaingiza kichwa mlangoni, akasema dumu limekwisha, anakwenda mjini kwa baiskeli, wasali. Salma akasema ndiyo kwanza, yeye alikuwa anataka kuswali Alasiri, akaomba mkeka na kwenda barazani. Tusekile, aliyekuwa amekula ndizi za watu wawili, alikuwa ameegemea ukuta na fimbo yake magotini, amelala fofofo.

Wakabaki wawili, na maporomoko ya maji.

Ilikuwa hatua ya mwisho. Nyuma ya maporomoko kulikuwa na nyumbani. Kisa aliyaona mapaa yale yale ya sehemu ya kwanza, aliyoyaacha miaka sita nyuma. Akamkimbiza malkia kulia, palipoonekana pepesi. Na hapo sauti ya kizee, nzito, ikatoka ng'ambo ya pazia. Ilikuwa mara ya kwanza kuelekezwa kwake.

"Keta kushoto."

Kisa akageuza. Kulia mwamba ukaporomoka, ungemsaga.

"Nimetazama, tata," akajibu kama anayemjibu baba yake mzazi, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Umetazama vizuri. Sasa shika kamba."

Akashika. Mtumbwi ukajilaza ubavu, maji yakaubeba, wakapita chini ya maporomoko na kutokea kwenye mwanga. Malkia alishuka, akakanyaga mchanga wa kwao, akafungua kibuyu. Mvua ikaanza kunyesha kwenye kioo, kwanza matone, kisha mvua hasa, ya Kyela hasa, na watu wadogo wadogo wakatoka nyumba zote wakacheza. Kisa alikuwa analia na kucheka, na hakutaka kujificha katika lolote kati ya hayo mawili.

Kioo kikaomba majina. Nafasi za herufi zilikuwa sita tu. Angetile ni herufi nane, na hata zingekuwa mbili asingeziandika. Alifikiri kidogo tu, kisha akaandika TATA, jina analomwita baba yeyote mwenye kulea.

Halafu akasubiri. Upande wa pili herufi zilikuja polepole, kwa kidole cha mtu anayetafuta. Alijua ingekuwa "mama Jubilate" kwa kifupi, au MKWE. Ikaja K. Ikaja I. Ikaja S, ikapotea, ikarudi. Ikaja A.

TATA na KISA yakasimama pamoja chini ya mvua.

Hakudiriki hata kusoma mara ya pili. Nje jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kioo kikafa. Majina, mvua, nyumbani, vyote vikaenda, na hapakuwa na kadi ya kuvitunza. Kisa akakodolea macho ule weusi akitaka kuvirudisha.

Dirisha la nyuma yao lilikuwa wazi na jua la alasiri lilikuwa linaingia lote. Katika kioo cheusi cha televisheni, taratibu, akaona pazia la kanga. Upande mmoja wa pazia aliona mwanamke aliyeshika mkono wa gemu, kanga imemdondoka mabegani, macho yamelowa. Upande wa pili aliona mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe na masikio makubwa, masikio ya Aliko kabisa, na mashavu yamelowa vilevile. Mzee alikuwa anamwangalia. Hakuwa anageuka. Na Kisa, aliyekuwa na miaka tisa ya kukimbilia nyuma ya ghala, alitulia pale pale alipoketi, akatazamwa.

Mzee akatabasamu kwanza. Alikuwa na pengo mbele, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kisa.

"Ndaga, Kisa," akamshukuru.

"Ndaga fijo, tata."

Kisha wakaanza kucheka, sijui nani alianza, wakacheka mpaka kiti kikalia na Salma akarudi mbio akidhani kuna msiba. Aliko akaingia na dumu, jasho linamtiririka, akaomba aambiwe malkia amefika au hajafika. Tusekile akagutuka, akaishika fimbo vizuri, akatupia jicho pazia kama lingali zima. Lilikuwa zima. Bado hakuridhika. Akauliza kwa Kinyakyusa, kwa ukali wa mtu aliyelala kazini, kama kuna yeyote aliyemwangalia mwenzake.

Mzee Angetile akajifuta uso, akaurudisha mkono wa gemu kwenye msumari wake, pembeni ya picha ya harusi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamjibu dada yake kwa Kiswahili.

"Hapana, dada," akasema. "Tulikuwa tunatazama televisheni tu."